Vitamini Iliyokaa Kihengeni

Mvua zikikatika na viazi vitamu vikiwa vimekomaa, kaya za Wasukuma za Shinyanga na Geita huingia katika kazi moja ya zamani. Viazi humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huanikwa juani hadi vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa, navyo huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo huanikwa yakawa nsansa. Vyote huwekwa akiba kihengeni kwa ajili ya miezi ambayo shamba halina kitu, na siku ya kupikwa huungwa karanga. Katika maandishi mengi kuhusu Usukuma chakula hiki kimepewa jina moja, chakula cha njaa, na jina hilo limekiaibisha kiasi kwamba mtu akipata fedha huanza kwa kukiacha. Naiona hukumu hiyo kuwa si ya haki. Shahidi wangu ni vitamini moja ndogo, biotini, ambayo siku hizi wengi wanaijua kwa vidonge vya kukuza nywele na kuimarisha kucha. Ukifuatilia historia ya vitamini hii sambamba na historia ya chungu cha Msukuma, utaona kwamba kilichopungua katika ukanda huu wa dhahabu na almasi ni aina za vyakula vinavyoingia chunguni, na kwamba kidonge hakiwezi kuzirudisha.

Biotini iligunduliwa kwa njia ya ajabu kidogo, kupitia chakula kilichodhuru. Mwaka 1927 Margaret Boas, akifanya kazi katika Taasisi ya Lister mjini London, aliwalisha panya ute mkavu wa yai usiopikwa. Panya wale walitoka vipele, wakapukutika manyoya, wakaishiwa nguvu za kutembea. Alipowapa maini au hamira walipona. Kumbe ndani ya vyakula hivyo kulikuwa na kitu cha kinga ambacho bado hakikuwa na jina. Paul György, aliyekuwa akichunguza jambo hilohilo, alikiita vitamini H, kwa herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya ngozi. Mwaka 1936, huko Utrecht nchini Uholanzi, Fritz Kögl na Benno Tönnis walichukua kilo 250 za viini vikavu vya mayai ya bata, wakavichuja na kuvisafisha hatua baada ya hatua, mwisho wakapata fuwele zenye uzito wa takriban miligramu 1 tu. Wakaziita biotini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya maisha. Mwaka 1940 György na Vincent du Vigneaud walionyesha kwamba vitamini H na biotini ni kitu kimoja, na mwaka 1942 du Vigneaud akapata muundo wake. Mwaka huohuo wa 1942 lilichapishwa jaribio la Sydenstricker na wenzake huko Georgia, Marekani: watu wanne waliojitolea walikula ute mkavu wa yai kwa wingi mno, kiasi cha kuwapa karibu theluthi ya nguvu yote ya chakula chao, na baada ya wiki kadhaa ngozi zao zikaanza kubanduka, wakapauka, wakakosa hamu ya kula, wakaumwa misuli na kuzongwa na huzuni. Walipodungwa biotini, hali ilianza kurudi ndani ya siku chache. Katika ute mbichi kuna protini iitwayo avidini, inayoikamata biotini na kuizuia isinyonywe na utumbo. Moto huivunja avidini, ndiyo maana yai lililopikwa halina madhara hayo.

Miaka hiyohiyo ya maabara za London na Utrecht ilikuwa miaka mizito katika Usukuma. Dhahabu ya Geita ilikuwa imejulikana tangu enzi za Wajerumani, lakini uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930 na kuendelea hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Pamba nayo ilikuwa ikipanuka vijijini, ikichunguzwa na kuboreshwa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuunganisha fuwele za Kögl na kihenge cha Shinyanga. Sisi tunayo sababu, kwa kuwa sasa tunajua biotini iko katika vyakula gani na kwa kiasi gani.

Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji mikrogramu 30 za biotini kwa siku, na mama anayenyonyesha 35. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo mahitaji ni madogo mno, ila hayaepukiki. Biotini hushikamana na vimeng'enya vitano ambavyo bila hiyo havifanyi kazi, na kwa vimeng'enya hivyo mwili hutengeneza sukari pale chakula kinapokosekana, huunda mafuta na huvunja baadhi ya viini vya protini. Kipande cha maini ya ng'ombe cha gramu 85 kina takriban mikrogramu 30, yaani mahitaji ya siku nzima. Yai zima lililopikwa lina 10. Karanga kiasi cha kiganja kimoja zina kama 5, na nusu kikombe cha viazi vitamu vilivyopikwa kina zaidi kidogo ya 2. Mbegu za alizeti zimo katika orodha hiyo, maziwa yamo kwa kiasi kidogo, na bakteria wa utumboni nao hutengeneza biotini yao. Sasa rudi kwenye sahani ya michembe iliyoungwa karanga, pembeni nsansa na maziwa ya mgando. Viazi, karanga, majani na maziwa kila kimoja kinachangia kidogo, na mlaji hali kiganja kimoja cha viazi bali bakuli. Tena biotini huvumilia joto kuliko vitamini C. Hupotea zaidi pale maji ya kuchemshia yanapomwagwa, na michembe hupikwa hadi maji yake yakauke au yawe rojo linaloliwa. Wazee waliobuni upishi huu walikuwa wakitafuta shibe na ladha. Pamoja na shibe wakapata akiba iliyolinda miili yao mwezi hadi mwezi.

Ni nini basi kilichokivuruga chungu hiki? Jibu jepesi, linalopendwa na wanaosifu mambo ya kale, ni kwamba mahindi yalikuja yakaufukuza mtama na uwele. Jibu hilo nalikubali nusu tu. Watafiti wa lishe ya kuku walipima ni kiasi gani cha biotini ya nafaka mwili unaweza kukitumia, wakakuta kwamba biotini ya mahindi hupatikana kwa urahisi, ilhali ya mtama na hasa ya ngano hubaki imefungwa na kupita bila kutumika. Kuku si binadamu, lakini kipimo hicho kinatosha kutuzuia tusiseme ovyo kwamba nafaka ya babu ilikuwa bora kwa kila jambo. Kosa halikuwa la hindi. Linaanza pale hindi linapokobolewa. Dona, unga wa hindi zima, hubaki na kiini na ngozi ya punje, ambako vitamini nyingi zimekaa. Sembe ni nyeupe na laini kwa sababu sehemu hizo zimeondolewa zikawa pumba, na pumba hulishwa kuku na ng'ombe. Hivyo katika miji ya migodi sehemu nono ya hindi huliwa na mifugo, binadamu akabaki na wanga. Na sembe haikupendwa kwa upumbavu: unga mweupe ulikuwa alama ya mtu aliyetoka shambani akapata mshahara, na tena hauharibiki upesi dukani.

Mshahara wenyewe ulikuja na chakula chake. Waajiri wa enzi za ukoloni walizoea kutoa sehemu ya ujira kwa posho, yaani unga, maharage, chumvi, nyama mara mojamoja, pengine karanga. Posho ilipimwa kwa hesabu ya kumwezesha mwanamume kufanya kazi ya siku, wala haikuhesabu mke na watoto waliobaki kijijini. Huko kijijini pamba ilikuwa ikidai mikono ileile iliyokuwa ikilima karanga na kuanika viazi. Sitaki kuilaumu pamba kupita kiasi: fedha yake ilijenga shule na nyumba za bati, na ndiyo iliyowapa wakulima nguvu ya kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, moja ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika kwa wakati wake. Hata hivyo siku zina saa zilezile. Palizi ya pamba ikigongana na palizi ya karanga, mwenye deni huenda kwenye pamba. Serikali ya kikoloni, ikiogopa njaa, ikaamuru mihogo ipandwe kama akiba, na muhogo ukakubali vizuri kwa kuwa unavumilia ukame na hauhitaji kuanikwa kwa haraka. Lakini muhogo mtupu ni mwepesi wa lishe kuliko karibu kila kitu ulichokibadili.

Wimbi la pili lilikuja na uchimbaji wa sasa. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 katika eneo la Kahama, na pembezoni mwa migodi hiyo maelfu ya wachimbaji wadogo walijaza Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro. Katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na kwenye makarasha, mitambo ya kusagia mawe, mtu hula anachoweza kukila upesi: ugali wa sembe, wali, maharage, maandazi na chai asubuhi, chipsi jioni. Michembe haipo, kwa sababu michembe huhitaji nyumba, jua, muda na mtu wa kuitengeneza, na kambi ya machimbo haina hata kimoja kati ya hivyo isipokuwa jua. Atasema mtu: lakini mchimbaji aliyepata dhahabu hula nyama, maini na mayai kuliko mkulima yeyote. Ni kweli, siku aliyopata. Kipato cha duara huja kwa mafungu na kukatika kwa miezi, na chakula chake hufuata mwendo huohuo. Pombe nayo imo, nayo ikinywewa kwa wingi kwa miaka huupunguzia mwili uwezo wa kuinyonya biotini. Kihenge kilifanya kazi ambayo fedha ya machimbo haijaweza kuifanya, ile ya kusawazisha mwezi wa neema na mwezi wa ukata.

Hapa kuna pingamizi zito zaidi, nalo linastahili jibu kamili. Upungufu mkali wa biotini ni nadra duniani kote. Huwapata watu wachache waliozaliwa na kasoro ya kimeng'enya cha kuirejesha biotini mwilini, mmoja kati ya takriban 60,000, au wanaolishwa kwa mshipa bila kuongezewa vitamini, au wanaotumia kwa muda mrefu baadhi ya dawa za kifafa, au wanaokula mayai mabichi kupindukia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kurutubisha vyakula zilipotaka unga wa mahindi uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, biotini haikutajwa, na naona hilo lilikuwa sahihi. Kama ni hivyo, kwa nini kuifanya shahidi? Kwa sababu biotini haisafiri peke yake. Karanga zinazoibeba zinabeba pia protini, niasini na mafuta mazuri. Yai linaloibeba lina kolini na vitamini A. Maini yana chuma. Chungu kilichojaa biotini ya kutosha bila mtu kuhesabu ni chungu chenye vitu vingi, na chungu ambacho biotini yake imepungua kimepungukiwa mengine yaliyo ya hatari zaidi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hawakudumaa kwa kukosa biotini. Wamedumaa kwa kula kitu kimoja kila siku, pamoja na maradhi ya mara kwa mara, na chakula cha kitu kimoja ndicho historia yetu inachokielezea.

Wala nisieleweke kwamba nasema Usukuma wa zamani ulikuwa nchi ya shibe. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi wa kutisha katika Afrika Mashariki yote, na ndui na njaa zikafuata nyuma yake. Vichaka vilivyotanda baada ya hapo vilileta mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, ambako vichaka vilifyekwa kwa nguvu za umma maeneo makubwa. Ufyekaji ulifungua malisho, ila pamoja na pamba, mifugo na kuni uliiacha Shinyanga wazi hata watu wakaifananisha na jangwa. Pamoja na miti ilipotea sehemu ya chakula isiyoandikwa popote: matunda pori, mboga za mlenda, uyoga, asali. Hii ndiyo sehemu ya hoja yangu ninayoijali kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba kilichopotea kinaweza kurudi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao haukutegemea mbinu za kutoka nje pekee. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Ngitili zilirejea katika mamia ya maelfu ya hekta, na mradi ukapata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Watu walianza kwa kutafuta majani ya ng'ombe, lakini matunda, dawa na mboga za porini vilirudi pamoja nayo. Ngitili na kihenge vimetokana na akili moja: kufunga sehemu leo ili kesho kuwe na kitu.

Hata hivyo mila haikuwa na haki katika kila jambo, na biotini inaanika kosa moja waziwazi. Katika sehemu nyingi za Tanzania mwanamke mjamzito alikatazwa mayai, na sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa kwamba mtoto angezaliwa hana nywele. Mwiko huo umekaa kinyume kabisa na ukweli. Kiini cha yai ndicho Kögl alichokitumia kuipata vitamini ambayo leo inauzwa kwa jina la nywele, na yule aliyenyimwa ndiye aliyeihitaji zaidi: tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba dalili za upungufu mdogo wa biotini, zisizoonekana kwa macho, huwapata theluthi au zaidi ya wajawazito, hata wanaokula vizuri. Yapo maelezo ya kuutetea mwiko huo. Mayai yalikuwa machache, na yai lisiloliwa huwa kuku. Pengine pia watu walihofia mtoto kuwa mkubwa tumboni mahali ambapo uzazi mgumu ulikuwa kifo. Maelezo hayo yanaufanya mwiko ueleweke, hayaufanyi uwe wa kufuatwa. Inafaa kusema pia juu ya imani iliyo upande wa pili, ya wanaume kumeza mayai mabichi kwa ajili ya nguvu. Yai moja la mara mojamoja halitamnyima mtu biotini, kwani watu wa Sydenstricker walikula ute mwingi kwa wiki nyingi; lakini yai bichi halina nguvu yoyote ambayo lililochemshwa halina, na linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Kuhusu vidonge nitasema kwa ufupi. Vingi vina mikrogramu 5,000 au 10,000, yaani zaidi ya mara 160 au 300 ya mahitaji ya siku. Kwa mtu asiye na upungufu hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba vinaotesha nywele. Ziada hutoka na mkojo, lakini kabla ya kutoka inaweza kuvuruga vipimo vya damu vinavyotumia biotini katika utendaji wake: vya tezi ya shingo, na vya troponini, kile kinachoonyesha kwamba moyo umeumia. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili baada ya kupata taarifa ya mgonjwa aliyefariki pale kipimo cha troponini kilipotoa jibu la chini kwa uongo. Anayetumia vidonge hivyo amwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Fedha ya kopo moja la vidonge hununua karanga za wiki nyingi. Kwa hiyo ninawaomba wahudumu wa kliniki za wajawazito za Geita, Kahama na Shinyanga waseme kwa sauti kwamba yai la kuchemsha haliondoi nywele za mtoto, na ninawaomba wenye mashine za kusaga za Katoro na Nyarugusu wawape wateja dona bila kuwacheka. Nanyi mliobaki na kihenge, mvua zikikatika, anikeni viazi.